Maswali ya Wanawake Wanaotaka Kufundisha Soka la Watoto

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa wanawake. Wengine hawajawahi kushika filimbi, wengine tayari wana timu na mambo yamegoma. Barua ndefu tumezifupisha.

Sijawahi kucheza kwenye timu yoyote. Nina miaka 34, mwanangu ana miaka 8 na kundi lao halina kocha wa kudumu. Nianzie kwenye kozi au uwanjani? – Asiyewahi Kucheza

Anza uwanjani, kozi ifuate. Tunajua wengi hushauri kinyume. Lakini kozi za ngazi ya chini hupimwa kwa vitendo, na mtu aliyekwisha kukaa na watoto wiki nane huelewa mkufunzi anazungumzia nini. Asiye na kikundi huandika maneno daftarini na kuyasahau njiani.

Nenda kwa uongozi wa timu uombe kuwa msaidizi. Wiki nne za kwanza omba jambo moja tu: dakika 15 za kupasha mwili moto, kila mazoezi, ziwe zako. Wiki nne zinazofuata chukua nusu ya mazoezi. Baada ya hapo mazoezi mazima yawe yako mara moja kwa wiki, mwenzio akitazama. Kila siku andika mistari minne: tarehe na idadi ya watoto, mada, kilichokubali, kilichogoma na kwa nini. Waandaaji wa kozi hupenda kujua umefundisha nani na kwa muda gani, na daftari hilo ndilo jibu lako. Wakati huohuo soma huduma ya kwanza, na ukubali ikaguliwe kama una rekodi ya uhalifu kabla hujakabidhiwa watoto. Klabu isiyokuuliza chochote itilie shaka.

Kutocheza zamani kuna upungufu mmoja wa kweli: kuonyesha kwa mguu. Wenye miaka 8 huiga kwa macho kuliko kwa masikio. Huhitaji chenga za ajabu, unahitaji vitu vinne: pasi ya ndani ya mguu, kuupokea mpira na kuutuliza, kukokota kwa miguu yote miwili, na kugeuka na mpira. Simama hatua tano kutoka ukutani, piga mpira ukutani na uupokee, dakika 20, mara tatu kwa wiki, mguu wa kulia na wa kushoto kwa zamu. Baada ya miezi miwili utaonyesha bila haya. Na siku usiyojiamini, mwite mtoto anayeiweza aonyeshe yeye, wewe uelekeze macho ya wenzake: "Tazameni mguu wake uliosimama, umeelekea wapi?" Hata makocha waliocheza miaka mingi hufanya hivyo.

Leseni ziko ngapi, na kwa nini watu hufeli ile ya kwanza? – Mwenye Fomu Mkononi

Majina hutofautiana ila ngazi zinafanana. CAF, shirikisho la soka la Afrika, ina D, C, B, A na Pro, kutoka chini kwenda juu. UEFA, la Ulaya, ina C, B, A na Pro. Chini ya hizo mashirikisho mengi ya taifa huwa na kozi fupi ya utangulizi. Ili uone ukubwa wa safari, UEFA huweka angalau saa 60 kwa leseni C, 120 kwa B, 180 kwa A na 360 kwa Pro. Leseni zake hudumu miaka 3, kisha huhuishwa kwa saa 15 za mafunzo ya nyongeza. Ukipata kozi ya wanawake pekee kwa ngazi ya kwanza, ichukue, maana utauliza maswali bila kuchekwa. Ngazi ya pili nenda kwenye mchanganyiko, kwa kuwa ndiko utakakokutana na watu watakaokupa kazi.

Watu hufeli kwa vitendo, mara chache kwa karatasi. Kosa la kwanza ni maneno mengi. Kocha husimamisha mchezo, huhutubia dakika tatu, watoto huchimba ardhi kwa vidole vya miguu. Ukisimamisha, jipe sekunde 30: wagande walipo, onyesha kosa, mchezaji arudie tendo hilohilo akiwa palepale, mpira uendelee. Katika zoezi la dakika 20, kusimamisha mara tatu au nne kunatosha. Mengine sema mchezo ukiendelea.

Kosa la pili ni kuhama mada. Umepewa "kupiga pasi ukiwa umebanwa", dakika ya kumi unasahihisha mashuti kwa sababu mtoto amepaisha. Mkaguzi wa kozi anaandika. Chagua hoja tatu za mada yako, ziandike kiganjani ikibidi, na kosa lisilohusu hizo lipite hata kama linakuuma.

Kosa la tatu ni ukubwa wa eneo, na hili huua mazoezi mazuri kuliko jingine lolote. Mpira ukitoka kila baada ya sekunde chache, eneo ni dogo: sogeza koni mita mbili au tatu kila upande. Mtoto akikimbia na mpira bila kukutana na mtu, eneo ni kubwa. Anayesubiri kuona kama "watazoea" amekwisha poteza dakika zake. Mkaguzi hapunguzi alama kwa eneo ulilopima vibaya. Hupunguza kwa sababu umeliona na hukulirekebisha.

Huu mwaka wa pili naitwa kocha msaidizi. Kazi yangu ni maji, vizibao, sanduku la dawa na kuwapigia wazazi simu. Kocha mkuu ni mtu mwema, lakini sijawahi kuendesha zoezi hata moja. – Mlezi wa Timu

Dada, huo ni umeneja wa timu. Ni kazi halali na timu haiendi bila hiyo, ila haikui ikawa ukocha, hata uifanye miaka kumi. Wema wa kocha mkuu haubadilishi kitu. Huenda anadhani ndiyo kazi uliyoipenda, kwa kuwa unaifanya vizuri.

Usimwombe "nafasi". Neno hilo halina ukubwa wala tarehe. Omba kipande chenye mipaka: "Kuanzia Jumanne ijayo, kwa wiki sita, dakika 20 za zoezi la kukaba mmoja kwa mmoja ziwe zangu." Umpelekee mpango wa ukurasa mmoja siku moja kabla: mchoro wa eneo na vipimo, idadi ya wachezaji, hoja tatu za kusahihisha, na utakachobadilisha zoezi likiwa rahisi au gumu mno. Mkubaliane mapema kwamba akiwa na la kusema atakwambia baada ya mazoezi. Kocha mkuu akiingia katikati ya zoezi lako mara moja, watoto wataacha kukutazama kwa mwezi mzima.

Maji na vizibao viwe kwa zamu, na wachezaji waingie kwenye zamu hizo. Wa miaka 9 anaweza kubeba koni.

Wiki sita zikipita bila kipande, omba kundi lako mwenyewe, hata la wadogo kabisa. Watoto 12 wa chini ya miaka 8 watakufundisha ukocha kuliko kukaa benchi la kikosi cha kwanza. Tahadhari moja: wanawake husukumwa kwa wadogo kwa hoja kwamba wao ni mama, kisha husahauliwa hukohuko. Nenda kwa hiari yako, na mkubaliane tangu mwanzo ni msimu gani utapanda na kundi hilo au kuchukua la juu yake.

Naanza wiki ijayo: watoto 16 wa miaka 9, mipira 6, koni 32, saa moja. Nahofia vurugu. – Koni Thelathini na Mbili

Vurugu hutoka kwenye foleni. Mtoto anayesubiri zamu ya nane humsukuma wa saba. Kwa hiyo kanuni ni moja: asisimame mtu. Una bahati ya hesabu, 16 hugawanyika kwa nne, basi kila kitu kiwe cha wanne wanne.

Fika dakika 30 kabla. Panga maeneo manne ya mita 15 kwa 10, mawili mbele na mawili nyuma, yakiachana mita mbili. Kila eneo lina koni nne za pembeni na nne za magoli mawili madogo ya upana wa mita moja na nusu, yaani koni 8 mara 4, zote 32. Mpira mmoja kila eneo, miwili inayobaki iweke katikati kama akiba, ili mpira ukipotea mchezo usisimame.

*Dakika 0–10.* Anayefika anaingia eneo la kwanza lenye nafasi na kucheza. Wawili kwa wawili, bila maelezo. Usiwakusanye kwa hotuba ya ufunguzi, wamekuja kucheza.

*Dakika 10–25.* Watatu na mmoja. Watatu wanapasiana, mmoja anawinda, katika nusu ya eneo. Anayepoteza mpira anaingia kati. Mwindaji akikaa zaidi ya dakika moja bila kuupata, mbadilishe, asije akakata tamaa. Kama watatu hawafikishi pasi nne, panua. Hoja zako ziwe mbili tu: jisogeze uonekane, na upokee mpira kwa mguu ulio mbali na mwindaji.

*Dakika 25–40.* Wawili kwa wawili, magoli madogo, raundi za dakika mbili, mapumziko ya dakika moja ya maji. Yape maeneo namba 1 hadi 4: timu inayoshinda inapanda namba moja, inayoshindwa inashuka namba moja, na iliyoshinda eneo la 4 au kushindwa eneo la 1 inabaki hapohapo. Raundi tano zinatosha. Ubora wake ni kwamba baada ya raundi mbili au tatu wenye nguvu hukutana wenyewe kwa wenyewe, bila wewe kuwapanga.

*Dakika 40–58.* Ondoa koni za kati kila maeneo mawili yaliyo ubavu kwa ubavu. Unapata viwanja viwili vya mita 22 kwa 15, wanne kwa wanne, bila kipa, magoli kwenye ncha za mbali. Hapa funga mdomo. Tazama kama yale mawili ya pasi yanajitokeza yenyewe.

Dakika mbili za mwisho, swali moja kwao na koni zirudi kwenye mfuko.

Wakija 15, eneo moja liwe na watatu: wawili wanashambulia goli moja, mmoja analinda, wanabadilishana. Wakija 17, yule wa ziada awe mchezaji huru anayesaidia timu yenye mpira. Unapowakusanya, wewe ndiye ulitazame jua, wao walipe mgongo, vinginevyo watakunja macho na hawatakuona. Na kabla ya yote kagua magoli ya kuhamishika yaliyopo uwanjani. Goli lisilofungwa chini au kuwekewa mifuko ya mchanga kwenye chuma cha nyuma huanguka mtoto akining'inia, na watoto wamekufa kwa njia hiyo. Lisipofungika, lilazwe chini mbali nao.

Nafundisha wasichana wa miaka 14. Wawili wameumia magoti ndani ya mwaka, bila kuguswa na mtu. Pia wengine hukosa mazoezi siku za hedhi na hawasemi. – Kocha wa Mabinti

Kuumia goti bila kuguswa mara nyingi ni kano ya msalaba ya mbele, ile iliyo ndani ya goti na kulishikilia. Wasichana huipata mara mbili hadi tatu zaidi ya wavulana wanaocheza mpira uleule, hasa kuanzia balehe. Hutokea mchezaji akitua kwa mguu mmoja au akigeuka ghafla: goti huingia ndani, mguu umenyooka, kiwiliwili kimeegemea upande. Mtazame mchezaji wako akiruka na kutua. Magoti yakigusana au kukaribiana, hapo pana kazi.

Kazi yenyewe ni mazoezi ya FIFA 11+, dakika 20 badala ya kule kuzunguka uwanja: dakika 8 za kukimbia polepole kwa mienendo tofauti, 10 za nguvu, mizani na kuruka, 2 za kukimbia kwa kasi na kukata kona. Yamekusudiwa wa miaka 14 na zaidi, na walio chini yao wana toleo lao la watoto. Utafiti wa Norway uliochapishwa 2008, kwa wasichana wa miaka 13 hadi 17, ulionyesha majeraha kwa ujumla yakipungua kwa takriban theluthi moja, na yale makubwa karibu nusu. Angalau mara mbili kwa wiki, msimu mzima. Makocha wengi huyafanya mwezi mmoja, kisha huyaacha kwa kuwa "yanakula muda". Kosa jingine ni kuhesabu marudio bila kutazama goti. Goti likiwa juu ya vidole vya mguu, zoezi linafaa. Likiingia ndani, mrudishe hatua rahisi.

Hedhi iseme wewe kwanza, mbele ya wote, siku ya kawaida, kwa sauti ileile unayosemea maji. Waambie pedi zipo kwenye mfuko fulani na hakuna anayelazimika kuomba. Chagua kaptula za rangi nyeusi, usikubali nyeupe. Hedhi si sababu ya kuwakataza kucheza. Anayeumwa apunguziwe, aamue mwenyewe. Hedhi ikikatika miezi mitatu mfululizo, au isipoanza hadi miaka 15, aende kwa daktari, maana mara nyingi kwa wanamichezo chanzo ni kula kidogo kuliko mwili unavyotumia, na mifupa hulipa deni hilo. Wafundishe pia sidiria ya michezo: ukanda wa chini ndio unaobeba, ukae sawa mbele na nyuma, vidole viwili vipite chini yake na si zaidi.

Mwamuzi alimzuia mchezaji wangu kwa sababu ya ushungi. Alikuwa sahihi? – Benchi la Kushoto

Kitambaa cha kichwa kimeruhusiwa kwenye sheria za mchezo tangu 2014. Masharti: kiwe cheusi au rangi kuu ya jezi, wa timu moja wafanane, kisiunganishwe na jezi, kisiwe na ncha zinazoning'inia, na kisiwe na pini au kifungo kinachoweza kuumiza shingoni. Kama ulikuwa wa kujifunga kwa pini, alikuwa na haki. Cha kuvuta kichwani, kinachobana, hakina tatizo. Mwonyeshe mwamuzi kabla ya mechi, si dakika ya kwanza.

Wazazi wanataka ushindi, wanapiga kelele, na wanasema nawachezesha "wabovu". Nina watoto 11, tunacheza saba kwa saba, dakika 20 kila kipindi. – Pembeni ya Mstari

Kelele huja pale mabadiliko yanapoonekana kuwa hisia zako za dakika hiyo. Yaandike usiku wa kabla. Mechi yako ina vipande vinne vya dakika 10, kila kipande nafasi saba, jumla nafasi 28. Watoto sita watacheza vipande vitatu (dakika 30), watano vipande viwili (dakika 20). Mechi inayofuata waliopata vichache wawe wa kwanza kupata vitatu. Bandika karatasi hiyo wazazi waione. Malalamiko yatabaki, lakini yatakuwa juu ya karatasi.

Mwanzoni mwa msimu kutana nao dakika 20. Waambie mambo matatu: kushangilia ruhusa, kuelekeza marufuku, mazungumzo kuhusu mechi ni siku inayofuata, si ukingoni mwa uwanja. Mtoto anayesikia "butua!" kwa baba na "tuliza!" kwa kocha husimama na mpira hadi anyang'anywe. Waeleze hivyo hivyo. Anayeendelea mpe kazi: ahesabu pasi za timu zilizofika. Hucheka, lakini hunyamaza.

Ujumbe wa simu uende kwa mzazi au kundi lenye wazazi, usiende kwa mtoto peke yake. Watu wazima wawe wawili kila mazoezi. Kuwa mwanamke hakukuondoi kwenye kanuni hii.

Mtoto wangu wa miaka 10 aligongana vichwa, akasema hajambo. Mzazi alitaka arudi uwanjani. – Dakika ya Sitini

Hakuna kurudi siku hiyo, hata akiimba. Mtikisiko wa ubongo unaweza kujitokeza saa kadhaa baadaye. Akitapika, akisinzia kusivyo kawaida, akichanganyikiwa, kichwa kikizidi kuuma, akizimia au kushtuka kwa degedege, ni hospitali mara moja. Akiumwa shingo asisogezwe. Kurejea mchezoni huwa kwa hatua, kila moja angalau saa 24, na mazoezi ya kugusana yasiwepo bila ruhusa ya daktari. Kuhusu kupiga vichwa: shirikisho la soka la Marekani lilikataza mwaka 2015 kwa wa miaka 10 na chini. Sisi tungefanya vivyo hivyo popote, hakuna wa miaka 9 anayepungukiwa na kitu kwa kutopiga kichwa.

Nimepewa wavulana wa miaka 13. Nitasikilizwa? Na nikianza na wavulana, nitaweza kupanda? – Swali Fupi

Watakupima wiki mbili za kwanza, na kipimo chao ni kama unaona mpira. Mwambie beki wa kulia jambo moja la kweli kuhusu alivyosimama mechi iliyopita, na ajaribu uone matokeo. Umri huo humtii anayewasaidia kushinda mpambano wao. Usipandishe sauti kushindana na zao zinazovunjika. Anza kila zoezi kwa wakati uliosema, hata kama wamefika watano.

Kupanda kupo. Corinne Diacre alichukua timu ya wanaume ya Clermont, daraja la pili Ufaransa, mwaka 2014. Chan Yuen-ting aliipa Eastern ubingwa wa ligi kuu ya wanaume ya Hong Kong mwaka 2016, akiwa na miaka 27. Upande wa wanawake, makocha 12 kati ya 32 wa Kombe la Dunia la 2023 walikuwa wanawake. Ukianza na wavulana, tafuta pia mazoezi ya wasichana ya kutazama au kusaidia, ili mlango wowote ukifunguka kwanza uwe na saa za kuonyesha.

Mipira yangu hupasuka valvu, na sijui namba ipi inunuliwe. – Pampu

Namba 3 hadi miaka 7 au 8, namba 4 hadi 12, namba 5 kuanzia 13. Sindano ilowanishe maji kabla ya kuichomeka. Sindano kavu ndiyo inayokwangua mpira wa ndani ya valvu. Ichomeke wima bila kuizungusha. Kwa watoto jaza hewa kuelekea bar 0.6 badala ya 1.1 kwenye kipimo cha pampu, mguu mdogo hauumii na mpira haudundi mbali.